F ya Tisa

Mwalimu Abeli alikuwa ameshawaondoa wanane. Wa tisa alikuwa Penina, na kwa huyo ilibidi afunge safari mwenyewe, saa mbili kwa pikipiki kutoka Chemba, maana baba yake hana simu.

Kwenye mfumo wa tathmini, mkuu wa shule, Madamu Devota, alikuwa amempangia lengo moja: kidato cha nne kisiwe na F hata moja ya Hisabati. Lengo zuri, ukilisoma ofisini penye feni. Ila wanafunzi tisa walikuwa wamefeli mtihani wa Hisabati wa kumaliza kidato cha tatu. Mwanzoni mwa Januari, kabla shule haijafunguliwa, Abeli alikwenda kuomba vipindi vya ziada, Madamu akacheka.

"Mwalimu, F haifundishwi, inaondolewa. Mzazi akiandika barua ya kuomba mtoto akariri darasa, jina haliendi kwenye mtihani wa taifa. Ukilifikia lengo, naigongea muhuri barua yako ya uhamisho. Usipolifikia, utazeekea hapa."

Mke wa Abeli, Angelina, ni muuguzi Miyuji, Dodoma mjini. Mtoto wao ana miaka mitatu na anamwita baba yake mjomba. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Abeli aliinama vizuri tu. Alijua fika kwamba vijijini kule msichana akikaririshwa hamalizi mwaka, anaozwa. Alijua, akapanda pikipiki.

Mzee Silvano, baba yake Penina, alikuwa shambani anapalilia uwele alipomwona. Akaacha jembe, akaja mbio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo huondoki bila kula."

Jogoo alichinjwa. Alikuwa mmoja tu pale nyumbani, na mtu mwenye haya angekataa. Abeli alikula. Firigisi, ambayo ni haki ya mwenye nyumba, Silvano alimwekea yeye. Akaila nayo, akalamba vidole.

Alipokwisha kunawa akatoa barua aliyokuwa ameiandika mwenyewe kwa jina la Silvano. Mzee hakujua kusoma, akasomewa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwaka juzi nilitaka kumwoza," alisema. "Ukaja, ukakaa hapo hapo ulipokaa, ukaniambia huyu ana akili, nisimtoe shule. Nikakusikia, nikawarudisha watu wa posa. Leo unasema arudi nyuma. Sawa. Mimi shule siijui, wewe ndiye unayeijua. Nitabisha nini?"

Akanyoosha kidole gumba. Abeli alikuwa amebeba hata pedi ya wino. Maandalio ya kazi hayo. Alikishika kile kidole kilichojaa sugu, akakibonyeza kwenye karatasi. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini haikumzuia mkono.

Ndipo Penina akatoka jikoni, alikokuwa amempikia mwalimu wake ugali. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Alipiga goti kidogo, akamwamkia, kisha akamnyooshea daftari kwa mikono miwili.

"Ule mtihani nilioshindwa, mwalimu, nimeurudia wote likizo hii. Nilikuwa nangoja shule ifunguliwe. Kwa kuwa umekuja, naomba unisahihishie."

Abeli alilipokea. Aliomba moyoni akute upuuzi, akute majibu ya kunakili, akute chochote cha kumtuliza. Alikuta maswali kumi na manne, kila hatua imeandikwa, iliyokosewa imekatwa na kurudiwa chini yake. Mengine aliyafanya kwa njia fupi kuliko ile aliyofundishwa. Huyu si mtoto wa F. Kwa miezi kumi iliyobaki, mwalimu yeyote asiye mwoga angemvusha.

Barua ilikuwa pajani, wino bado mbichi. Kuichana kusingemchukua hata nukta.

Akatoa kalamu nyekundu. Alisahihisha swali moja moja, taratibu, kwa haki, maana kusahihisha alikujua. Mzee Silvano alisogea kutazama zile alama za vyema, akitabasamu bila kuzielewa.

"Themanini na nane," alisema Abeli.

Penina alifunika mdomo kwa mkono. "Kwa hiyo mwalimu, nitafaulu?"

"Mwakani," alisema, akaipuliza alama ya kidole cha baba yake mpaka ikakauka, akaikunja barua.