Kabro Shingoni mwa Muiri

Mimi Wanjira nauza miche kando ya Ngong Road, Dagoretti Corner. Miti ya asili tu. Anayetaka pamu za kupamba geti aende mbele. Muiri, ule mti mkubwa wa msituni wenye gome la dawa, ndio ninaoupenda kuliko yote, lakini mbegu yake haiwekeki. Ukichelewa kuipanda wiki chache, imekufa. Kwa hivyo kila mwaka naokota matunda chini ya muiri mmoja mzee ulio katika uwanja wa fleti fulani Kilimani. Mlinzi wao, Okinyi, hunifungulia.

Mwaka huu nilikuta uwanja wote umetandikwa kabro, vile vitofali vya saruji vya kutandaza chini, zimebanwa hadi kwenye shina kama kola ya shati la mtoto shingoni mwa mzee. Maji hayana pa kupenya. Matawi mawili yalikuwa yameshakauka. Eti wanaupendezesha! Niliokota matunda yaliyonusurika magurudumu, nikaondoka nimekasirika.

Jumamosi nilirudi na mtaimbo, saa nne asubuhi, watu wakiosha magari yao.

"Mathe, nitafutwa kazi," Okinyi alisema.

"Waambie ulinikataza nikakataa."

Nilikuwa kwenye safu ya tatu Clifford alipoteremka na kandambili. Huyo ndiye mwenyekiti wa wenye nyumba.

"Madam, unaharibu parking ya watu."

"Na mti utakunywa maji wapi?"

"Ukikauka tutapanda ingine."

"Huu ulikuwa hapa kabla ya baba yako. Ita polisi. Utanipata hapa hapa."

Aliita. Nikaendelea kung'oa. Hakuja mtu, nami nikaenda zangu jioni. Jumatatu kabro zikarudishwa. Jumamosi nikazing'oa tena, na safari hii nikaja na mkokoteni nikazibeba zote. Okinyi mwenyewe alinisaidia kupakia.

Miezi miwili baadaye Clifford alinifuata Dagoretti. Alizikuta zimepangwa kuzunguka kitalu, zimeshikilia udongo wa miche mia mbili ya muiri, kila mmoja na majani manne.

"Hizo kabro ni zetu."

"Ni zenu kabisa. Na hii miche ni watoto wa mti wenu. Toa kabro unayotaka, udongo uporomoke nayo. Anza."

Alichuchumaa, akashika moja. Akaitikisa kidogo, udongo ukaanza kumwagika, akaiachia. Kisha akasimama, akajipangusa, akarudi kwa gari lake mikono mitupu.

Jumamosi nilipita Kilimani. Shina lilikuwa limezungukwa na udongo mtupu, bila kabro mpya, umemwagiwa maji. Mtaimbo nilikuwa nimeubeba hata hivyo.