Jina la Kwanza Katika Kijitabu

Saiba ya Mama Amit, duka lake la kompyuta pale Kianyaga, ilitegemea mashine tatu, kila moja na tabia yake. Laptopu yake mwenyewe ilikuwa nyepesi, ya kujazia watu fomu za serikali. Simu ya duka ilipokea kazi za wale ambao hawakutaka kutoka shambani. Ya tatu ilikuwa kompyuta kuukuu ya mezani, yenye sanduku la kunguruma, ambayo Wachuka, mfanyakazi wa duka, aliipa jina la Shosho, yaani bibi mzee: kumwamsha ni shughuli, lakini hasahau kitu.

Shosho ndiye aliyehifadhi vijitabu vya mazishi. Mtu akifiwa hakuandikisha kijitabu kipya, alisema tu, "Tumia kile cha mama, badilisha." Na siku ya mazishi mwenye kipaza sauti alikifuata kama sheria. Walioandikwa waliitwa kuweka maua kaburini. Ambaye hakuandikwa alibaki nyuma ya hema na waliofuata chakula.

Jumatano Mzee Peterson alituma kwa simu maneno ya kumzika ndugu yake, Munene, kisha akaja mwenyewe, macho mekundu kwa siku tano za kukosa usingizi.

"Tumia ile ya mke wake, Karwitha," alisema. "Weka picha ya Munene. Watoto ni wale wawili nimetuma."

Wachuka alimpa pole, akamwamsha Shosho. Kijitabu cha Karwitha kilipofunguka, watoto walikuwa watatu: Lavender, Kihara, Ivy.

Akakumbuka. Miaka sita iliyopita Munene, akijiandaa kumzika Karwitha, alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini, akimtajia la kuandika. "Anza na Lavender. Alikuja na mama yake akibebwa mgongoni, lakini kutembea nilimfunza mimi. Ukimweka mwisho nitarudi hapa na rungu."

"Mzee, Lavender ameachwa," Wachuka alisema.

"Huyo si damu ya Munene. Andika yenye nimekuambia." Akaenda kutafuta hema.

Wachuka akaandika Kihara na Ivy. Akaitazama nafasi iliyobaki juu yao. Kwa miezi miwili, kila asubuhi, alikuwa amemwona Lavender akipita mlangoni na chupa ya uji, akimpelekea Munene hospitalini. Akalirudisha jina mahali pake, juu kabisa, kisha akamtumia Peterson kijitabu chote akihakikishe, kama ilivyo desturi ya duka.

Haikupita dakika. "Picha iko sawa," Peterson alijibu. "Toa nakala mia mbili."

Mazishi yakawa Ijumaa. Jumatatu Peterson aliingia dukani bila kubisha.

"Nani alikuambia uandike huyo msichana?"

"Munene."

"Munene amekufa!"

"Aliniambia akiwa hai. Na wewe nilikutumia usome."

"Nisome na hii?" Akainua kisimu chake chenye kioo kilichopasuka. "Hiyo maandishi ni kama siafu! Mimi niliangalia picha."

Mama Amit, aliyekuwa akikata karatasi kando, akakohoa kuficha kicheko.

"Ati akaitwa wa kwanza," Peterson akaendelea. "Mbele ya pasta na kanisa yote!"

"Alienda?"

"Alikataa kuinuka. Ivy akamvuta mkono, Kihara akashika ule mwingine. Wakaweka shada wote watatu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. Kisha akaikumbuka hasira yake. "Lakini ulinifanya mjinga kwa mazishi ya ndugu yangu. Mama Amit, huyu mtu wako aombe msamaha."

Mama Amit alivua miwani. "Wachuka, duka ni ya wateja. Omba msamaha, hii maneno iishe."

Wachuka aliyafahamu maneno hayo na uzito wake. Kazi nyingine hakuwa nayo. Akakigeuza kioo cha Shosho hadi kikamtazama Peterson. Kijitabu cha Karwitha kilikuwa wazi, na jina la Lavender juu.

"Mzee wangu, umefiwa, na pole nakupa leo na kesho. Na ni kweli, uliniambia niandike wawili, nikaandika watatu." Akasimama. "Lakini msamaha siombi."