Pembe ya Anzori

Jumberi alikuwa na maneno aliyoyakwepa kama mtu anavyomkwepa mbwa mkali wa jirani, akijua mapema pa kuchepukia. Badala ya "baba" alisema "mzee wangu". Pale jina lilipokuwa gumu alinyoosha kidole tu. Wengi kijijini waliamini kigugumizi kilimwisha utotoni. Walichokiona ni mtu mpole, asiye na maneno mengi. Mkewe, Nazibrola, ndiye aliyejua kazi iliyokuwa nyuma ya upole huo.

Anzori naye alijua. Shuleni alikuwa akiigiza kigugumizi chake mbele ya darasa. Tena, kwenye karamu ya msiba wa baba yake Jumberi, Anzori akiwa mkuu wa meza, ndiye aongozaye watu kusema na kunywa, alimpa mfiwa zamu ya kumkumbuka marehemu. Jumberi akakwama kwenye jina. Anzori akammalizia: "Polikarpe, jamani, tunywe." Meza nzima ikanywa, wengine wakificha tabasamu nyuma ya bilauri. Jina la baba likatajwa na mtu mwingine. Jumberi alilibeba hilo miaka yote.

Sasa ilikuwa harusi ya mpwa wa Anzori, mavuno ya zabibu yamekwisha, na mkuu wa meza alikuwa yuleyule. Ilipofika zamu ya kuwakumbuka waliotangulia, watu wote walisimama. Anzori alijaza divai kwenye pembe yake kubwa ya fahali, ambayo haina kitako na haiwekwi chini mpaka iishe. Akamtazama Jumberi kwa jicho la utani.

"Alaverdi kwako, chiriku wetu," akasema.

Anayepewa neno hilo lazima aseme, na hakuna anayeonja mpaka amalize.

Jumberi angeweza kusema "mzee wangu", akanywa, akakaa. Njia ya kuchepukia ilikuwa wazi. Safari hii hakuipita.

"Namkumbuka P-p-p..."

Shingo ikakakamaa, jicho la kushoto likajifumba. Aibu ya siku zote ikampanda. Akaiacha ipande.

"Polikarpe," Anzori akamsaidia.

"S-sijamaliza, mkuu wa meza. Sheria ni yako."

Wazee wakaguna kumuunga mkono. Basi akaanza upya: baba, kisha babu Parmeni, kisha bibi Pelagia, bila kukwepa hata mmoja. Mkono wa Anzori ukaanza kutetemeka kwa uzito wa pembe. Divai ikamwagikia shati lake jeupe, ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Hakuna aliyecheka, na kwa Jumberi utamu ulikuwa hapo.

Kisha likatokea asilolitarajia. Kwa vile alikuwa ameacha kujificha, koo lilifunguka. Jina la mwisho, la ami yake Petre, lilikuwa tayari mdomoni, laini, linataka kutoka. Jumberi akautazama mkono ule unaotetemeka, akalizuia.

"P-p-p-p-p," akasema, akichomoza midomo pole pole, mpaka Anzori akaishika pembe kwa mikono miwili. Ndipo akalitoa jina, akanywa.

Waliporudi nyumbani, Nazibrola akamgeukia langoni.

"Baba Tamta," akasema, "pale kwa Petre jicho lako halikujifumba. Kigugumizi kile hakikuwa chako."

"Hakikuwa changu," Jumberi akajibu, bila kukwama popote. "Kilikuwa cha Anzori, kile cha darasani. Nimemrudishia."