Kaya C

Mimi Redempta nimepiga taipu miaka mingi, na nawaambieni, hakuna karatasi iliyowahi kunivuruga akili kama ile ya Bwana Damiani. Na mimi si mtu wa kuvurugwa ovyo. Mwaka sabini na tano, ofisi ya tarafa pale Ikungi ilikuwa na taipu moja, na aliyeiweza ni mimi peke yangu. Hata Katibu Tarafa mwenyewe, Mzee Bonifasi, akitaka barua alinijia kwa "tafadhali mama."

Damiani alikuwa Bwana Shamba wetu, kijana mwembamba wa Mgori, mpole hadi anakera. Alikuwa amefanya utafiti wa mtama. Watu walipohamishiwa vijijini, amri ilitolewa kwamba mavuno yote yapelekwe kwenye ghala la kijiji, mtu asiweke nyumbani. Basi fukusi wakafurahi. Damiani akapima ghala la Ihanja, kijijini kwetu, mwaka mzima: katika kila madebe kumi, matatu yaliishia kuwa vumbi. Kimya kimya akapima pia kaya nane zilizokaidi amri, zikaweka mtama wao kwenye vilindo, yale mapipa ya gome la mti waliyotumia babu zetu, zikauchanganya na majivu. Hao hawakupoteza hata nusu debe. Na kati ya hao wakaidi, mkaidi namba moja alikuwa mama yangu mzazi, Felista.

Damiani alishaandika taarifa tatu kwenda mkoani, zote zikalala usingizi. Ndipo akapata habari za jarida jipya la kilimo, la Kiswahili, linalotoka Dar es Salaam. Akaniambia utafiti ukichapwa humo wakubwa watausoma, na wakiusoma watalegeza amri, watu waweke mtama nyumbani kwao. Mama alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Kila nikienda Ihanja swali lilikuwa moja tu: "Lile jarida limefika wapi?"

Nakala ya kwanza niliipiga na majina yote, la Damiani juu kabisa, na wakuu wa kaya wote wanane humo ndani, mama akiwamo. Kila bahasha ya ofisi ilipita kwa Mzee Bonifasi kabla haijaingia kwenye mfuko wa posta, kwa hiyo siku ile nilitoka jasho hadi kwenye nyayo. Akaitoa ile karatasi, akaona jina la Damiani pale juu. "Ah, huyu na mtama wake," akasema, akapiga muhuri. Hakusoma hata mstari wa pili.

Baada ya miezi miwili karatasi zikarudi, na juu yake maelekezo ya kurasa tatu. Jamani! Pigeni upande mmoja tu wa karatasi. Acheni mstari mtupu kati ya mstari na mstari. Kila jedwali likae kwenye ukurasa wake peke yake.

"Jedwali limekosa nini hata litengwe?" nikamwuliza Damiani.

"Sijui, dada Redempta. Wamesema tu."

Halafu yakaja makubwa. Jina la mwandishi liandikwe kwenye karatasi ya pembeni na kutiwa kwenye bahasha ndogo iliyofungwa. Humo ndani lisionekane popote, ili wanaosahihisha wasimjue. Na watu waliopimwa wasitajwe majina, wapewe herufi.

"Yaani mtu afanye kazi halali, halafu ajifiche kama kaiba kuku?"

"Ni ili wasipendelee."

"Hata jina wakiliona, watampendelea vipi mtu wasiyemjua?"

Damiani akajikuna kichwa. Niliona wazi kwamba na yeye hajui, ila ana haya ya kusema. Basi nikapiga. Kurasa kumi na tisa zikawa arobaini na tatu, nikamaliza karatasi za ofisi za robo mwaka. Mama nikampa herufi C. Moyoni nilifurahi, nikasema angalau sasa amefichika vizuri.

Ilikuwa mwezi wa saba, mavuno yameingia, kilindo cha mama kimejaa hadi mdomoni. Nikampelekea Mzee Bonifasi bahasha kama kawaida. Akatoa karatasi, akatafuta jina, hakuliona. Akageuza nyuma, hakuna. Miaka ile karatasi isiyo na jina ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu anamchongea mwenzake. Mzee akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma. Alisoma zote arobaini na tatu.

"Redempta. Nani kaandika haya?"

"Bwana Damiani, mzee."

"Mbona hakuweka jina?"

"Wamemkataza."

"Nani awezaye kumkataza mtu jina lake?"

Damiani akaitwa. Akaeleza habari za wasahihishaji na upendeleo, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kunuka. Mwishowe Mzee Bonifasi akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Sawa. Na huyu Kaya C, ambaye ati mtama wake ulibaki salama kuliko wa wote, ni nani? Alipata habari za amri au hakupata?"

Damiani akanitazama. Mimi nikaitazama taipu.

"Jumatatu," mzee akasema, "nataka watu nane, wenye majina yao."

Jumamosi nikaenda Ihanja. Nikamweleza mama yote, nikamwomba auhamishe mtama kwa majirani usiku ule ule. Nilidhani ataogopa. Lo! Hakuogopa, alikasirika, tena si kwa Mzee Bonifasi, kwangu mimi.

"Umeniandika herufi?"

"Mama, ni kwa kukulinda."

"Nani kakuomba? Kule kwanza nilikuwa na jina langu?"

"Ulikuwa nalo."

"Na hakuna aliyenigusa. Umelitoa, sasa natafutwa." Akaniangalia hivi, hadi nikaona aibu. "Kusoma kwenyewe ndiko huku?"

Alikuwa amesema kweli tupu, na kichwa changu kilikuwa kimejaa ukungu.

Jumatatu asubuhi akafika ofisini kwa miguu, ungo wa mtama kichwani. Mzee Bonifasi akasimama, maana mama alimzidi umri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ndiye C. Naitwa Felista binti Ntandu, na mtama wenyewe ndio huu."

Mzee akatia mkono kwenye ungo. Akachota, akamwaga, akachota tena. Hapakuwa na vumbi, wala punje yenye tundu. Akatafuna punje chache, na Damiani kwenye kona akamtazama mdomo. Kisha nikauona uso wa mzee unalainika. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, tumepona.

"Mama," akasema, "mtama safi namna hii sijauona tarafa nzima. Huu haufai kukaa mafichoni. Leo leo upelekwe ghalani, wote, uwe mfano kwa kijiji. Na adhabu sitakupa, nimekusamehe."

Akalisema kwa upendo kabisa. Hilo ndilo lililonichanganya hadi leo: sikuona ubaya wowote kwenye macho yake. Alikuwa amesoma kurasa zote arobaini na tatu! Akapiga muhuri kwenye bahasha yetu, akamshika Damiani mkono. "Kazi nzuri sana," akamwambia. Wale saba wengine hakuwauliza tena. Mchana trekta likaenda Ihanja, wakamwaga kilindo kizima juu ya mtama wa mwaka jana uliokuwa unatembea kwa fukusi. Mama alisimama mlangoni mwa ghala hadi walipofunga.

Jibu la jarida lilikuja mwezi wa pili. Wamependa, watachapa. Ila msahihishaji mmoja ana swali: matokeo ya Kaya C ni ya ajabu, je, mwaka wa pili hali ilikuwaje?

Damiani alisoma barua ile mara tatu, akiwa amesimama.

"Andika kwamba takwimu za mwaka wa pili hazikupatikana," akaniambia.

"Hazikupatikana? Mama yangu jana kapanga foleni ya unga wa njano wa msaada, Damiani. Hiyo si takwimu?"

Alikuwa analia, mtu mzima, mchana kweupe. Nilitaka kumtukana nikashindwa. Nikaingiza karatasi, nikapiga alivyosema.

Jumapili yake nilimpelekea mama sukari na chumvi. Hata sijakaa vizuri akauliza, "Lile jarida limesemaje?"

"Limesema mtama wako ulikuwa mzuri kuliko wa wote, mama."

Alikuwa anapepeta ule unga wa njano. Hakuinua kichwa.

"Basi waurudishe," akasema.