Sura ya Mwisho ya Mama wa Jiwe

Shule ilinunua nakala moja ya kitabu kwa darasa la watoto sabini. Moja tu. Mkuu wa shule akaikabidhi mbele yetu ofisini kana kwamba anagawa shamba. Mwalimu wa lugha hakulalamika. Alichukua wembe, akakata mgongo wa kitabu, akazitenga sura moja moja na kuzipiga pini, kila kikundi kikapata yake. Kikundi kinasoma, kisha kinasimama mbele na kuwasimulia wengine. Mimi nafundisha hesabu chumba cha pili, na kinachotutenganisha ni mbao tupu, kwa hiyo hadithi yote niliipata bure huku nikihangaika na desimali.

Ilikuwa hadithi ya kaka na dada ambao mama yao anageuka jiwe kidogo kidogo, kuanzia vidole vya miguu. Wanavuka nchi ya ndege wasiolala ili kuutafuta moto unaoweza kumyeyusha. Watoto walipagawa nayo. Waliigiza wale ndege, walichora ramani ubaoni, walibishana njia ipi ni fupi. Hata wale wanaosoma kwa kukokota kidole walikuwa na la kusema.

Aliyenaswa zaidi ni msichana mmoja tuliyemwita Redio, maana lolote analolisikia lazima alitangaze. Mama yake alikuwa hatoki kitandani. Walimu tulijua kwamba hospitali imemrudisha nyumbani kwa kuwa haina tena la kumfanyia. Mtoto aliambiwa mama amechoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema, lakini nani alikuwa tayari kwenda kumwambia mtoto wa darasa la tano? Basi kila jioni Redio alikaa ukingoni mwa kitanda akamsimulia mama sura ya siku hiyo, na asubuhi alirudi na maswali ya mama.

Sura ya mwisho mwalimu wa lugha alibaki nayo mwenyewe, ili watoto wabashiri kwanza. Wakati wa mapumziko akaniletea niisome. Humo kaka na dada wanafika na moto, lakini mama ameshakuwa jiwe mpaka kifuani. Anawaaga, kila mmoja kwa maneno yake, halafu ananyamaza.

"Siwezi kumsomea yule mtoto haya," akasema.

"Soma kama ilivyoandikwa," nikamwambia. "Aliyeandika hakuwa mjinga."

"Wewe una moyo wa hesabu, mwenzangu."

Alikuwa na machozi, nikamrudishia karatasi zake. Ila nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka.

Kesho yake nikamsikia kupitia mbao akisoma mwisho alioutunga mwenyewe. Jiwe likapasuka, mama akainuka, akawakumbatia wanawe. Darasa likapiga makofi. Kisha nikaisikia sauti ya Redio.

"Kwa hiyo anapona kabisa, mwalimu?"

"Anapona kabisa."

Nikavunja chaki mkononi. Huko ni kumpaka mtoto mafuta kwa mgongo wa chupa, na jioni unalala ukijiona mwema.

Mama yake Redio alifariki wiki hiyo hiyo.

Baada ya mazishi mama yake mdogo alikuja ofisini kumwombea mtoto ruhusa ya siku chache. Tulimpa pole, tukamvutia kiti, hakukaa. Alikuwa na jambo linalomkaba, na nadhani alilisema kwetu kwa sababu hatukuwa ndugu.

"Dada alijua anakwenda," akasema. "Alitaka kumwambia mwanawe, kila siku anasema kesho. Ndipo ikaja hii hadithi yenu. Akaniambia, 'Mdogo wangu, huyu mama wa kitabuni haponi, naona inakoelekea. Mwache mwanangu aje na mwisho wake, hapo nitapata pa kuanzia.' Basi mtoto akaja mbio, hata viatu hakuvua. 'Mama, anapona!' Dada akaniangalia. Akamwambia, 'Vizuri, mwanangu.' Amwambie nini tena, na mtoto amefurahi vile? Asubuhi yake ulimi ulikuwa mzito, hakusema tena mpaka mwisho." Akajifunga upya kanga yake. "Sijui mwandishi alikuwa anawaza nini."

Mwalimu wa lugha alikuwa anatazama meza. Hakuna aliyemtetea mwandishi, hata mimi.

Redio aliporudi shule alikaa kwenye kikundi chake bila kugusa karatasi. Mwalimu alivumilia siku mbili tatu, uvumilivu ukamshinda. Wenzake walipotoka, akamwita.

"Huu ndio mwisho wenyewe," nikamsikia. "Ule niliutunga mimi. Nisamehe."

Redio alianza kusoma kwa sauti, polepole, kama tulivyowafundisha. Akasoma moto unavyofika. Akasoma maneno ambayo mama anamwambia mwanawe wa kiume. Akasoma yale anayomwambia binti, na hapo akasimama, akayarudia tangu mwanzo.

"Mwalimu."

"Naam, mwanangu."

"Na mama yangu angeniambia nini?"

Nilisimama upande wangu wa ukuta nikitamani mwenzangu aseme kitu, chochote, hata uongo. Redio alisubiri, kisha akauliza tena, na mara hii aliuliza kwa sauti ndogo sana.