Hodi ya Tatu

Mchana, jua likiwa kali, najilaza chini ya waya wa antena nilioufunga kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya uani, redio nimeiweka mahali pasipo na stesheni, nasikiliza vimondo. Watu wanadhani vimondo ni vya usiku tu. Wapi! Hata sasa vinaungua huko juu, na kila kinapoungua, njia yake ya moto inaturudishia sauti ya stesheni ya mbali, nusu ya neno, kisha mvumo. Mvumo unanibeba, macho yanajifumba, na ule waya unakuwa barabara.

Natembea, haina mwisho, na kila mji ninaoufikia ni mji wetu uleule uliogeuzwa, upande wa kulia uko kushoto. Kimondo kinapita, na redio niliyoikumbatia inasema, hodi. Ni Kulwa, pacha wangu, aliyefukiwa na shimo alimokuwa akichimba dhahabu, na hatukupata hata kiatu chake. Mtu asiye na uso anatembea kando yangu. Yuko wapi ndugu yangu? namuuliza. Yuko kwenye nyumba isiyo na mlango, na bado anabisha. Acha upuuzi wako bwana, nionyeshe njia! Njia ni kuitika, ananijibu. Kimondo cha pili: hodi, Doto. Namjua Kulwa, ana adabu zake, hodi ikifika ya tatu bila kuitikiwa anageuza, haingii kwa mtu kwa nguvu. Karibu! Karibu Kulwa! Lakini redio yangu ni ya kupokea tu, jamani, nimeiunda kwa mikono yangu na sikuipa mdomo. Napiga kelele ndani ya spika, natafuna waya, nalia, karibu, karibu, na miji inanizunguka, na yule asiye na uso anacheka, au analia, nitajuaje? Kinaungua cha tatu, kikubwa, na sauti inakuja safi kabisa, imechoka. Hodi. Halafu nasikia nyayo zake zikiondoka.

Nafumbua macho, koo limekauka. Mama, ambaye mpaka leo amekataa tuanue matanga, kasimama mlangoni na sahani ya ugali unaofuka. Nimesikia ukimkaribisha mwenzio, anasema, nimeshampakulia, mbona haingii? Najifinya mkono nijue kama nimeamka. Naumia, lakini hata kule barabarani nilikuwa naumia. Mama anasogea kando, asije akamzibia njia.