Wito wa Tatu katika Bahari ya Njano

Emérite alishindwa zoezi hili mwaka jana, na chuo hakikuruhusu mtu kulirudia zaidi ya mara moja. Akishindwa tena leo, miaka minne ya kusoma Jumamosi, huku siku nyingine akifanya kazi kwenye kampuni ya ulinzi, ingeishia hapo bila shahada. Alilijua hilo vizuri. Hata hivyo alipanda ngazi za jengo lile la chuo mtaani Braamfontein taratibu, kama mtu anayekwenda kazini.

Zoezi alilitunga Daktari Burhani, mtu wa Tanga, mpole wa sauti na bahili wa maksi. Vyumba viwili: kundi moja ni Korea Kusini, jingine ni Korea Kaskazini. Kati yao Bahari ya Njano, na katikati ya bahari mstari uliochorwa vita viliposimama mwaka 1953, mstari ambao Kaskazini haijaukubali mpaka leo. Hapo manowari za pande mbili zimekwisha kupigana kweli, watu wakafa. Kila chumba kilipewa ramani na redio ya mkononi. Kila baada ya dakika kumi Daktari angeleta karatasi yenye habari za baharini. Sharti lilikuwa moja: kamanda atakayesababisha baharia kufa, awe wake au wa upande wa pili, amefeli.

Mwaka jana Kaskazini hawakujibu redio, naye Emérite akauhesabu ukimya ule kuwa ni shambulio linaloandaliwa. Akapiga kwanza. Kwenye karatasi ya Daktari walikufa kumi na tisa.

Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye chumba cha redio cha kampuni, na mlinzi wa ghala moja katika mtaa wa Diepsloot hakujibu wito wa saa nne asubuhi. Emérite hakutuma watu wenye bunduki wamvamie. Alimwita mara tatu, kama ilivyo kawaida ya kazi, na kila mara alimwambia gari la doria liko wapi, litapita lango gani na saa ngapi. Mlinzi asiyejibu huenda amelala, huenda yuko chooni, huenda betri imekufa, na huenda kuna mtu amemwekea bastola kisogoni huku anasikia kila neno. Wote hao huitwa kwa namna moja. Siku ile ilikuwa ni betri. Emérite alipokuwa akiandika hivyo daftarini ndipo alipojiuliza kwa nini mabaharia wa Daktari Burhani hakuwafanyia kama alivyomfanyia yule mlinzi.

Saa tatu kamili karatasi ya kwanza ikaja. Meli ya mizigo ya Kaskazini imevuka mstari kwenye ukungu. Boti ya doria ya Kaskazini inaifuata. Simu ya dharura kati ya nchi mbili haipokelewi.

"Eish, tumeanza," alisema Thierry, kijana wa Lubumbashi aliyepewa cheo cha mshauri wa serikali. Benita, aliyekuwa akisogeza boti za plastiki juu ya ramani, alimtazama Emérite, kamanda wao wa Kusini.

Emérite alichukua redio. Akataja boti yake, akataja mahali ilipo. "Saa tatu na dakika kumi nitarudi kusini nusu maili. Nitasimama hapo." Akarudia mara mbili, polepole. Hakuna aliyejibu. Ilipofika dakika ya kumi alimwonyesha Benita mahali, Benita akasogeza.

"Unarudi nyuma? Yaya, bale bantu banatucheka!" alisema Thierry kwa Kiswahili cha kwao, ambako yaya ni dada mkubwa.

"Acha wacheke. Wakicheka wanasikiliza."

Karatasi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kaskazini wamepiga makombora kumi, yote yameanguka majini, mbali na boti. Thierry alisimama. "Tupige injini ya ile doria. Injini tu."

"Injini ina watu wanaoiendesha. Kaa chini, mshauri." Akabonyeza redio. "Nimeyaona makombora yako. Saa tatu na dakika ishirini boti yangu ya pili itatoka bandarini, itakaa nyuma ya ile ya kwanza. Haitapita hapo."

Dakika ya ishirini ilipofika, boti ya pili ilitoka, ikakaa nyuma ya ile ya kwanza, haikupita.

Karatasi ya tatu: doria ya Kaskazini imegeuza mizinga yake kuelekea kwenu.

Emérite aliweka saa yake mezani, akaita kwa sauti ileile anayoitumia kwa watu wa Diepsloot. "Saa tatu na dakika ishirini na tano nitapiga risasi tatu za onyo, mita mia tano magharibi ya meli yako ya mizigo, kwenye maji matupu. Kisha dakika tano sitafyatua kitu. Njia ya kaskazini iko wazi, meli ipite huko. Ukiipiga boti yangu, nitaizamisha yako." Akarudia neno kwa neno.

Risasi tatu, mita mia tano. Benita aliweka alama kwenye ramani kwa rula. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Katika ya nne mlango ulifunguliwa, Daktari akaleta karatasi.

Meli imegeuka. Doria imeifuata.

Nyuma ya Daktari aliingia Arnaud, Mrundi mwenzake Emérite, kamanda wa Kaskazini. "Dada, tulikusikia tangu mwanzo! Tulikatazwa kujibu tu. Mara ya kwanza tulicheka. Ya pili nikatazama saa. Ya tatu wenzangu walitaka kupiga, nikawaambia huyu mama akisema mia tano ni mia tano, tuondokeni."

Daktari Burhani alijaza fomu akiwa amesimama. Kwenye nafasi ya waliokufa aliandika sifuri, akaipigia mstari. "Umefaulu, Emérite. Sifuri naiandika hapa mara chache sana."

Thierry alikuwa bado anaitazama ramani. "Lakini yaya, kama wangetupiga? Ungeizamisha kweli? Ungefeli, na shahada ingekwenda."

"Si ulinisikia redioni?" alisema Emérite, akavaa saa yake.